Waya Kabla ya Antena: Historia ya Kuunganisha Deki na Runinga katika Tanzania na Nchi Jirani

Ikisiri

Historia ya televisheni katika Afrika Mashariki kwa kawaida huandikwa kwa kufuata vituo vya utangazaji: mwaka vilipozinduliwa, serikali au kampuni iliyovimiliki na sheria iliyoviruhusu. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanaanzia nyuma ya runinga, kwenye matundu ya waya, na kuchunguza namna deki za kuchezea kanda za video zilivyounganishwa na runinga za nyumbani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi wakati wa kuhamia matangazo ya dijitali. Hoja kuu ni kwamba katika sehemu kubwa ya Tanzania Bara runinga iliingia sebuleni kwanza kama kioo cha kuoneshea kanda, si kama chombo cha kupokelea matangazo. Na kwamba ujuzi wa kuunganisha, uliokuwa mikononi mwa mafundi redio na haukuandikwa, ndio uliobeba mabadiliko yote ya baadaye. Kuusahau ujuzi huo kumekuwa na gharama kwa sera za utangazaji, na sasa kunahatarisha kumbukumbu zilizomo katika kanda zenyewe.

1.0 Utangulizi

Ukitazamwa mfuatano wa miaka, televisheni ilifika katika eneo hili kwa kupishana sana. Kenya ilianza matangazo mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na nchi iliyokuja kuitwa Zaire mwaka 1966. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, ikiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Burundi ilifuata mwaka 1984 na Rwanda mwaka 1992. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, baada ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa vituo binafsi.

Mfuatano huu ni sahihi, lakini unaficha jambo moja. Unamfanya msomaji adhani kwamba kabla ya mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na runinga. Zilikuwapo. Hazikuwa nyingi, na hazikuwa za kila mtu, lakini zilikuwapo sebuleni, kwenye kumbi za vilabu, katika baadhi ya hoteli na kwenye vibanda vya mitaani. Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kuliuliza: runinga hizo zilikuwa zikionesha nini, na kwa njia gani?

2.0 Runinga Isiyo na Kituo

Serikali ya Tanzania katika miaka ya Azimio la Arusha iliitazama televisheni kama anasa. Redio ndiyo iliyopewa kazi ya kuelimisha na kuunganisha taifa, kwa kuwa ilifika vijijini na iliweza kutumia betri. Kwa mkazi wa Dar es Salaam mwenye nguzo ndefu ya antena, mawimbi ya Zanzibar yaliweza kunaswa kutoka ng'ambo ya bahari, ijapokuwa picha ilikuja na chenga. Kwa mkazi wa Mbeya au Songea hapakuwa na cha kunasa.

Hali hiyo ilibadilishwa na chombo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya nchi isiyo na televisheni. Kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mfumo wa Betamax mwaka 1975, na JVC ikatoa mfumo wa VHS mwaka 1976. Watengenezaji walikusudia mtu arekodi kipindi cha televisheni ili akitazame kwa wakati wake. Deki, kwa maana hiyo, ilikuwa msaidizi wa kituo cha utangazaji. Ilipofika Tanzania Bara mpangilio huo uligeuka juu chini. Hapakuwa na kipindi cha kurekodi. Deki ikawa ndiyo chanzo cha picha, na runinga ikanunuliwa kwa ajili yake.

Njia za kufika kwake zilikuwa zile zile za safari za zamani za pwani. Mabaharia, wafanyabiashara, wanafunzi waliorejea kutoka masomoni na ndugu waliokuwa wakifanya kazi Omani na Dubai walikuja na deki ndani ya mizigo yao. Nyingine zilipitia bandari za Zanzibar na Mombasa. Biashara huria ya miaka ya 1980, serikali ilipoanza kulegeza masharti ya uingizaji wa bidhaa, iliongeza idadi yake. Filamu za Kihindi, za karate kutoka Hong Kong na za mapigano kutoka Marekani zilizunguka mitaani kwa kuazimana na kukodisha kanda.

3.0 Mlango Mmoja wa Picha

Ili kuelewa kazi ya kuunganisha, ni lazima kukumbuka kwamba runinga nyingi za miaka hiyo zilikuwa na mlango mmoja tu wa kupokelea picha, nao ni tundu la antena. Hazikuweza kupokea picha ya aina nyingine isipokuwa ile iliyobebwa na mawimbi ya redio. Kwa hiyo deki ililazimika kujifanya kituo kidogo cha utangazaji. Ndani yake mlikuwa na kisanduku cha bati kilichochukua picha na sauti kutoka kwenye kanda, kikazipandisha katika mawimbi ya chaneli moja, aghalabu chaneli ya 36 au iliyo karibu nayo katika masafa ya UHF, kisha kikazituma kwa waya badala ya angani.

Hatua za kazi zilikuwa chache, ila kila moja iliweza kuharibu nyingine. Kama antena ilikuwapo, waya wake uliingizwa kwanza katika deki, na waya wa pili ukatoka kwenye deki hadi tundu la antena la runinga. Kanda iliwekwa na kuanza kuchezwa. Mtu alichagua kitufe kimoja cha stesheni, mara nyingi kile cha mwisho, akazungusha kidude chake polepole hadi chenga zipungue na picha isimame. Endapo palikuwa na kituo cha jirani kilichotumia chaneli hiyo hiyo, skrubu ndogo nyuma ya deki ilizungushwa ili kuisogeza deki juu au chini, kwa kawaida kati ya chaneli ya 30 na ya 39. Mwisho, kidude cha kurekebisha mfuatilio wa kanda kilizungushwa ili kuondoa mistari iliyokatiza picha.

Nairobi na Kampala, kazi hii iliongeza stesheni moja juu ya ile iliyokuwapo. Tanzania Bara, mbali na pwani, chaneli ya 36 ndiyo iliyokuwa stesheni pekee ya nyumba. Tofauti hii si ya kiufundi tu. Mtazamaji wa Nairobi aliijua runinga kama sauti ya dola iliyoongezewa burudani. Mtazamaji wa Mbeya aliijua kama chombo ambacho mwenye nyumba huamua kitaonesha nini, saa ngapi, na mbele ya nani. Televisheni ya kituo ilipokuja mwaka 1994, ilimkuta mtazamaji aliyekwisha kuzoea kuchagua.

Baadaye runinga zilianza kuja na matundu yaliyopokea picha moja kwa moja bila kupitia mawimbi: la njano kwa picha, jeupe na jekundu kwa sauti. Kwenye runinga za soko la Ufaransa, ambako tundu pana la pini 21 lilifanywa la lazima kuanzia mwaka 1980, waya mmoja ulibeba yote kwa pamoja. Picha ilikuwa safi zaidi, na hapakuwa na haja ya kutafuta stesheni. Hata hivyo, runinga za zamani ziliendelea kutumika kwa miaka mingi, na mlango wa antena uliendelea kuwa njia ya wengi.

4.0 Mipaka Isiyoonekana

Kanda ya video huonekana kuwa kitu cha kubebwa popote. Kwa kweli ilibeba mipaka ndani yake. Kenya, Uganda na Tanzania zilifuata mfumo wa rangi wa PAL. Zaire na Burundi, kwa urithi wa uhusiano wao na nchi zinazotumia Kifaransa, zilifuata SECAM. Marekani na Japani zilitumia NTSC. Kanda iliyorekodiwa kwa SECAM ikichezwa katika deki ya PAL ilitoa picha isiyo na rangi, kwa kuwa mifumo yote miwili ina mistari 625 na picha 25 kwa sekunde lakini husimba rangi kwa namna tofauti. Kanda ya NTSC, yenye mistari 525 na takriban picha 30 kwa sekunde, haikusimama kabisa katika deki isiyoandaliwa kwa mfumo huo. Harusi iliyorekodiwa Marekani na kutumwa kwa bibi wa bi harusi Mombasa iliweza kufika salama na isionekane.

Hata ndani ya PAL mlikuwa na mipaka. Katika mfumo wa Uingereza, sauti ilikaa megahezi 6.0 juu ya picha. Katika mfumo uliotumika Kenya na sehemu kubwa ya Ghuba, ilikaa megahezi 5.5. Mtu aliyeleta deki kutoka London na kuiunganisha na runinga iliyonunuliwa Dubai alipata picha nzuri isiyo na sauti, au yenye mkwaruzo tu. Waya ulikuwa mzima, deki nzima, runinga nzima. Kilichokosekana ni makubaliano kati ya viwanda viwili.

Umeme nao ulikuwa na mipaka yake. Deki ya soko la ndani la Japani ilitaka volti 100. Ikichomekwa kwenye umeme wa volti zaidi ya 220 iliungua papo hapo. Plagi ya pini tatu bapa ya Kigoma haikuingia kwenye soketi ya pini za mviringo ya Bujumbura, ingawa miji hiyo miwili hutazamana na ziwa moja na watu wake husikilizana kwa Kiswahili. Ndiyo sababu deki za mifumo yote, zilizouzwa kwa wingi katika maduka ya Dubai, zilithaminiwa sana. Thamani yake haikuwa katika uzuri wa picha bali katika kuvuka mipaka.

5.0 Fundi Redio na Lugha ya Kazi

Aliyeipatanisha mifumo hii hakuwa mhandisi wa shirika la utangazaji. Alikuwa fundi redio, mwenye meza ndogo, chuma cha kuchomelea risasi na boksi la vipuri vya redio zilizokufa. Yeye ndiye aliyebadilisha kichujio cha sauti ili deki ya London isikike katika runinga ya Dubai. Yeye ndiye aliyesafisha kichwa cha deki kwa spiriti picha ilipofifia, na aliyemshauri mteja anunue stabilaiza kabla umeme wa kupanda na kushuka haujaitafuna deki.

Ujuzi wake ulipatikana kwa kukaa karibu na fundi mkubwa. Vijitabu vya maelekezo vilivyokuja na deki viliandikwa kwa Kiingereza, Kijapani, Kijerumani au Kiarabu. Kiswahili hakikuwamo. Hata hivyo, kazi ilifanyika kwa Kiswahili, nacho kikajitengenezea istilahi zake bila kusubiri kamati. Deki, rimoti, waya wa antena, kichwa cha deki na chenga ni maneno yaliyozaliwa au kupewa maana mpya mezani kwa fundi. Neno chenga linastahili kutajwa peke yake. Vipande vidogo vya mchele uliovunjika vilitoa jina la vidoti vyeupe vinavyotapakaa kwenye kioo kisicho na picha. Mtumiaji hakuhitaji kuelezwa neno hilo maana yake ni nini, aliliona.

Kwa watafiti wa istilahi, hili ni funzo. Msamiati wa teknolojia ya nyumbani haukuingia katika Kiswahili kupitia kamusi, bali kupitia mikono iliyokuwa ikitafuta picha. Ila kwa kuwa haukuandikwa, kila nyumba ilimtegemea mtu mmoja anayejua. Fundi alipohama, au kijana wa nyumba aliyezoea kuunganisha alipokwenda shule ya bweni, deki ilikaa ikiwa nzima lakini haitumiki.

6.0 Kibandani

Mahali ambapo uunganishaji uligeuka kuwa kazi ya lugha ni kwenye vibanda vya video. Dar es Salaam viliitwa vibanda umiza. Kampala viliitwa bibanda. Runinga moja, deki moja na mabenchi vilitosha kuanzisha biashara. Watazamaji wengi hawakuelewa Kiingereza, Kihindi wala Kichina cha filamu hizo. Ndipo alipotokea mfasiri wa papo kwa papo, akieleza kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kiluganda upande mwingine.

Kazi yake ilitegemea waya. Sauti ya filamu haikuachwa itoke kwenye runinga tu. Ilichukuliwa kwenye deki, ikapitishwa katika kichanganya sauti pamoja na kipaza sauti cha mfasiri, kisha ikatoka kwenye spika. Hapo mfasiri aliweza kuipunguza sauti ya mwigizaji na kuipandisha yake, kisha kuirudisha ya filamu risasi zinaporindima. Hatua iliyofuata ilikuwa kuziunganisha deki mbili, matundu ya kutolea ya moja yakiingia katika matundu ya kupokelea ya nyingine, na kurekodi filamu pamoja na tafsiri yake. Kanda hizo ziliuzwa na kusafiri mbali. Kila nakala ya nakala ilipoteza sehemu ya rangi na ukali wa picha, lakini sauti ya Kiswahili iliendelea kueleweka. Utanzu mzima wa simulizi za Kiswahili cha mjini ulizaliwa kutokana na nyaya hizo.

7.0 Kutoka Deki hadi King'amuzi

Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia katika masafa ya UHF kwa nchi nyingi zilizousaini. Nchi za Afrika Mashariki zilijiwekea lengo la mapema zaidi. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha ikaendelea mkoa kwa mkoa. Kenya ilikamilisha kazi hiyo mwaka 2015 baada ya mvutano mkali na vituo binafsi.

Mijadala ya wakati huo ilihusu bei ya ving'amuzi, idadi ya chaneli na haki za vituo. Kazi ya kuunganisha ilichukuliwa kuwa jambo dogo. Hata hivyo, mamilioni ya nyumba yalitakiwa kufanya jambo lile lile lililofanywa na wenye deki: kuingiza waya wa antena katika kisanduku, kutoa waya mwingine hadi runinga, kisha kutafuta stesheni au kuchagua tundu sahihi. King'amuzi kilipita katika mlango uliofunguliwa na deki. Pale ambapo palikuwa na fundi redio, au kijana aliyekulia kwenye kibanda, kioo kilirejea haraka. Pale ambapo hapakuwa na mtu, familia ilinunua king'amuzi na kuendelea kutazama chenga.

Kosa la zamani la viwango nalo lilijirudia. Kenya ilianza na mfumo wa DVB-T mwaka 2009, kisha ikahamia DVB-T2. Aliyetangulia kununua kisanduku cha mfumo wa kwanza alijikuta na chombo kizima kisichoona kitu, kama yule aliyekuwa na kanda ya NTSC mkononi miaka 25 kabla yake. Katika visa vyote viwili, gharama ya kutokubaliana kwa viwango ililipwa na mwenye nyumba.

8.0 Kanda Zilizobaki

Uunganishaji huu una tatizo la mwisho ambalo bado halijafungwa. Katika makabati ya Unguja, Tanga, Mombasa, Bukavu na Kampala zimebaki kanda za harusi, maulidi, mahafali, mazishi, maonesho ya taarab na mikutano ya hadhara. Kwa sehemu za Tanzania Bara kabla ya mwaka 1994, kanda hizo ni miongoni mwa picha chache sana zinazotembea za maisha ya kawaida, kwa kuwa hapakuwa na kituo ambacho kingeyarekodi. Hifadhi yake ipo, ila imetawanyika majumbani.

Kanda ya sumaku haidumu. Joto na unyevu wa pwani huota ukungu juu yake, na gundi inayoshikilia chembe za sumaku hulegea. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, ikieleza kwamba wataalamu wanautaja mwaka 2025 kuwa kipindi ambacho baada yake kuzicheza na kuzihamisha kutakuwa kugumu mno. Mwaka huo haukuwa mbali. Kanda iliyo nzima, bila deki nzima na bila mtu anayejua waya upi uingie tundu lipi, ni plastiki tu.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba runinga ilifika katika nyumba nyingi za Tanzania Bara ikiwa imeunganishwa na deki kabla ya kuunganishwa na antena, na kwamba katika eneo zima kazi ya kuunganisha ilifanywa na watu ambao historia ya utangazaji haikuwataja. Mambo matatu yanawahusu washauri wa sera moja kwa moja.

Kwanza, kiwango cha kiufundi kikubaliwe na nchi za ukanda huu kabla wananchi hawajaombwa kununua chochote. Pili, kila chombo kinachoingizwa kwa ajili ya mpango wa umma kiambatane na maelekezo ya Kiswahili yenye michoro, yaliyoandikwa kwa maneno ambayo mafundi huyatumia tayari. Tatu, vyuo vikuu, nyumba za nyaraka na mashirika ya utangazaji yatenge vyumba vya kuhamishia kanda, venye deki za PAL, SECAM na NTSC zinazofanya kazi, na kuwaajiri mafundi redio waliobaki kama walimu, si kama vibarua. Umri wa mafundi hao na umri wa kanda unakwenda sambamba. Kazi hii ikiahirishwa kwa muongo mmoja zaidi, watafiti wajao watakuwa na orodha kamili ya vituo na sheria zake, lakini hawatakuwa na picha ya watu waliokuwa wakitazama.